Mgeni Anayevuta Muda

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Natumai hamjambo wote: wewe, shemeji na mabinti zako, ambao nadhani sasa wananipita kimo. Mimi mzima. Wifi yako anawasalimu sana.

Usishtuke kuona karatasi. Simu yangu ilinidondoka ndani ya shimo la lifti, jengo la ghorofa kumi na mbili, nikaisikia ikigonga vyuma huko chini hadi kimya. Mpaka nipate nyingine nitaandika. Barua pepe sikutumii, maana wewe nayo mnajuana kwa jina tu.

Baba hajambo? Mara ya mwisho nilipopiga ulisema yuko bafuni. Mara ya kabla ya hapo alikuwa amelala. Siku hizi Mzee ana shughuli kama waziri. Mwambie namsalimu, na kama ana neno akupe uandike.

Uliniuliza siku zangu zinapitaje. Asubuhi nakagua kamba za chuma, natia grisi, narekebisha milango inayobana watu. Jioni nafungua laptopu nacheza poka, karata za kuwekeana dau, mtandaoni. Usianze kukunja uso, tunacheza kwa chipu za bure, hazinunui hata kiberiti. Nimefungua meza yangu, inaitwa Meza ya Fundi, nafasi za watu sita, na mimi mwenyewe naitwa Winchi. Wananijua, ila si kwa wema. Mbinu yangu ni kula na kukimbia. Naketi, navizia mzunguko mmoja mnono, nikishinda nasimama hapohapo naondoka, kabla hawajapata nafasi ya kunirudishia kipigo. Wanatukana balaa. Lakini sheria inaruhusu, hakuna mahali pameandikwa kwamba aliyeshinda lazima aendelee kukaa. Kesho yake narudi, wananuna, halafu tunaanza upya.

Ndiyo maisha. Hapa baridi, lakini nyumba ina joto la kutosha.

Mdogo wako


1 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja, lakini maneno yote yamo. Sisi wazima. Shemeji yako kifua kilimbana kidogo, sasa nafuu. Binti mkubwa amefaulu mtihani, mdogo amefaulu kunikaidi.

Karakana inakwenda. Tumepata kazi ya viti vya ukumbi wa mikutano, vyote vimekalika hadi springi zinachungulia. Nabandua kitambaa cha zamani, nabadilisha sponji, nafunga mikanda upya. Vidole vyangu vimejaa vishimo vya misumari. Baba yupo. Anakaa pale mlangoni kwenye kochi la kijani lisilouzika, ananitazama nikikosea.

Nilimsomea barua yako yote. Penye karata alinirudisha mara tatu. Aliuliza meza yako inaitwaje na wewe unajiitaje. Neno la kukuandikia alisema hana, ila alipokea bahasha akaikunja akaiweka mfuko wa shati.

Kuhusu hiyo mbinu yako sikushangaa hata kidogo. Mara zote mbili ulizokuja nyumbani ulikaa kama mtu aliyeacha gari likiunguruma nje. Mara ya pili tuliamka tukakuta umekwishatandika kitanda. Sikusemi. Nakwambia tu jinsi kitanda kilichotandikwa vizuri kinavyoweza kumkera mtu.

Wifi yangu mbona hata mstari mmoja hajaniandikia? Zamani ukinitumia ujumbe kwa simu alikuwa anachungulia begani kwako na kuongeza lake. Mwambie nimekasirika.

Nunua simu.

Dada yako


4 Aprili

Dada,

Salamu nyingi kwenu nyote. Hongera kwa binti mkubwa, na huyo mdogo mwambie kukaidi ni kipaji cha ukoo. Mimi sijambo. Wifi yako ana shughuli nyingi siku hizi. Simu nitanunua, maduka ya huku yananichanganya.

Hapo penye kitanda nimepaelewa. Tuendelee.

Nina kero na sina wa kumpigia kelele ila wewe. Mezani kwangu ameingia mtu. Hakujichagulia hata jina, mfumo umemwita Mgeni, akakubali. Katika mchezo huu kila mtu zamu yake ikifika ana sekunde thelathini za kuamua: kutupa karata, kufuata dau, au kupandisha. Watu wenye adabu wanatumia tatu, nne. Huyu anatumia zote. Zote, dada! Hata karata zikiwa takataka, kitu cha kutupa bila kufikiri, yeye anakaa tu, ile saa ndogo inazunguka, inakuwa njano, inakuwa nyekundu, ndipo anabonyeza. Wenzangu wamempa jina la Konokono. Kule chini ya meza kuna mahali pa kuandikiana, wanamchambua hadi basi.

"Mgeni, umelala?"

"Mgeni, mpigie daktari, kidole kimekufa."

Na mimi nimeandika yangu, siwezi kuyarudia mbele yako. Yeye hajibu hata herufi. Tulimlalamikia msimamizi wa mchezo. Jibu likaja fupi: mchezaji havunji sheria, sekunde ni zake.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Ananilenga mimi hasa. Chipu zangu zikiwa katikati ya meza siwezi kuondoka mpaka mzunguko uishe, la sivyo nazipoteza. Na yeye amelijua hilo. Nikishaweka dau kubwa, nikiwa tayari nimeshajiandaa kula na kukimbia, zamu inamfikia yeye na dunia inasimama. Ninakaa natazama saa. Chakula kinapoa. Kuna siku nilijikuta naiambia kompyuta kwa sauti, "Basi sema unataka nini!"

Baba anasemaje? Au bado yuko bafuni?

Mdogo wako


25 Aprili

Mdogo wangu,

Tuko salama. Viti vya ukumbi vimekwisha na wenyewe wamevisifu. Shemeji yako anakusalimu, ananiambia nikuulize kama lifti za huko zinapanda tu au na kushuka.

Barua yako niliisoma kwa sauti karakanani, mashine nimeizima. Nilipofika penye daktari na kidole nilitaka kuruka, Baba akagonga mkono wa kochi kwamba nisome. Nikasoma. Alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Novemba, nikaacha kusoma nikamtazama.

Mdogo wangu, huyo Mgeni mvumilie. Nakuomba kama dada yako na usiniulize sababu. Sheria hajaivunja, wewe mwenyewe umesema. Acha watu wa mezani waseme, lakini wewe usiandike tena maneno mabaya, na usimfukuze. Hasa hilo la kumfukuza.

Salamu za wifi yangu katika barua yako hazimo. Nimezitafuta mbele na nyuma. Kama kuna jambo, mimi si mtu wa kutangaza, unanijua. Nisingependa kujua mambo ya ndugu yangu kwa kuhesabu salamu zilizopungua.

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Yako sijaipata bado, naandika tu bila kungoja zamu. Natumai hamjambo wote, na Baba hajambo.

Leo nilikuwa na kazi ya kumtoa mama mmoja aliyekwama kwenye lifti, kati ya ghorofa ya saba na ya nane. Tunafundishwa kuzungumza nao kupitia mlangoni ili wasitaharuki. Nikamwambia, "Tulia mama, naenda juu kwenye mota, sasa hivi nakutoa." Akasema, "Hapana, usiondoke hapo." Nikamweleza kwamba bila kwenda juu hatatoka. Akasema, "Najua. Kaa kidogo kwanza." Basi nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, tukaongea habari za wajukuu wake. Msimamizi wangu alinikaripia kwa kuchelewa. Sijui kwa nini nakwambia haya.

Habari nyingine ni kwamba Konokono nimemtoa. Nilikuwa na dau kubwa, akavuta muda wake kama kawaida, na alipomaliza kuvuta akatupa karata, yaani hakuwa na kitu kabisa! Wenzangu wakalipuka. "Mwenye meza, ama yeye ama sisi." Sheria ya mchezo haimgusi, lakini mwenye meza anaweza kumfungia mlango yeyote amtakaye. Nikambonyeza. Jina lake likafifia, kiti kikabaki kitupu, wote wakanipigia makofi ya kwenye kioo.

Sasa meza ina kasi ajabu. Nashinda, naondoka, na saa inakuwa bado mapema. Tatizo ni kwamba nikishaifunga laptopu nasikia friji. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba friji yetu inanguruma.

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo kiasi. Barua zetu zimepishana njiani, yangu ya kukuomba na yako ya kuniarifu, na hakuna wa kulaumiwa ila posta. Nilikupigia simu namba yako ya zamani mara nyingi, haipatikani. Kwa hiyo kaa chini usome.

Mgeni ni Baba.

Novemba alipata kiharusi. Alikuwa anapigilia kitambaa kwenye kiti cha daktari wa meno, nyundo ikamdondoka, akaiangalia pale sakafuni kama kitu cha mtu mwingine. Upande wa kulia ulilegea, na ulimi ukawa mzito. Alikataa usiambiwe. Alisema, na kusema kwenyewe ilikuwa kazi, "Atakuja kwa kuniogopea. Sitaki." Ndiyo sababu kila ukipiga alikuwa bafuni. Hakutaka uisikie ile sauti. Mimi nikatii, nikawa nakudanganya kwa habari za usingizi na bafu. Nilichoka nao uongo huo kabla hujachoka kuuamini.

Mtaalamu wa viungo alimwambia afanyishe vidole kazi, chochote kidogo kidogo. Ikafika barua yako ya Februari. Ile ile siku Baba akaninyooshea kidole tableti ya binti mkubwa: "Nifungulie... hiyo... ya kwake." Tukahangaika na binti hadi tukaipata Meza ya Fundi. Ulipotokea Winchi pale kwenye kioo, Baba aliweka tableti kwenye mapaja taratibu kama anapakata mtoto.

Mwanzoni ni mkono tu uliokuwa unachelewa. Anaupeleka, unakwenda pembeni, anaurudisha. Matusi yote tuliyasoma. Mimi nililia mara moja, yeye hapana. Mara mbili nilitaka kukuandikia pale chini ya meza nikwambie ukweli, akafunika kioo kwa kiganja.

Lakini kufika mwezi wa nne mkono ulikuwa umepata nafuu. Anashika kikombe, anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Nikamwambia, "Baba, sasa unaweza kubonyeza haraka, usiwaudhi watu." Akatikisa kichwa. Akasema, "Nikibonyeza, anaondoka."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala kupunguza.

Siku uliyomtoa nilikuwa nakata sponji. Aliniita. Kwenye kioo pameandikwa kwamba meza hii imefungwa kwako. Akasema, "Bonyeza tena." Nikabonyeza. "Tena." Nikamwambia, "Baba, amefunga." Akasema, "Hajui ni mimi," na akarudia kwa nguvu, kama ananituliza mimi. Kutwa nzima aliishika tableti ikiwa imezimika. Tangu hapo kila siku wakati wako wa kutoka kazini ukifika ananiambia nibonyeze. Nabonyeza, imefungwa, narudi kwenye mashine.

Nimevunja amri yake kukuandikia haya na sitamwambia mpaka ujibu. Sitaki uje kwa kuogopa. Njoo kama unataka kuja. Kama hutaki, basi angalau mfungulie mlango.

Na wewe niambie la kwako.

Dada yako


8 Juni

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama ukumbini kwenye masanduku ya posta, na jirani akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana. Nikapanda ngazi kwa miguu, mimi fundi wa lifti.

La kwangu ni hili. Wifi yako aliondoka Januari. Hatukugombana hata. Alisema kuishi na mimi ni kama kuishi na mtu anayetazama mlango. Simu haikudondoka shimoni, laini ilikuwa kwa jina lake, akaifunga. Sikununua nyingine kwa sababu kwenye simu ungesikia nyumba ilivyo tupu, na kwenye karatasi naweza kumweka mtu ndani kwa mstari mmoja wa salamu. Niliona haya kurudi peke yangu baada ya kuwatambia sana habari zake. Basi. Sasa unajua, na habari za friji umezipata pia.

Jioni ileile nilimfungulia Mgeni meza. Wenzangu wote nikawaomba radhi, nikawaambia watafute pengine, nikaacha viti viwili tu, changu na kimoja kitupu. Nikangoja. Hakuja. Nikadhani labda mmechoka kubonyeza. Kesho yake nilitoka kazini mbio, sikubadili hata ovaroli, nikakaa. Kiti kitupu. Nikawa natazama kile kiti kama fundi anavyotazama kamba yenye uzi uliokatika, unajua lazima ungoje uone.

Siku ya tatu, jua bado liko dirishani, jina likatokea. Mgeni.

Karata zikagawiwa. Zamu ikawa yake. Saa ikazunguka, njano, nyekundu, akafuata dau. Zamu ikaja kwangu. Dada, nilikuwa na karata nzuri kuliko zote nilizowahi kushika mezani hapo. Sikubonyeza kitu. Niliacha sekunde zangu zote zikaisha na karata zikatupwa zenyewe. Zikagawiwa nyingine, na hizo tukazifanya vilevile, yeye zake na mimi zangu. Mtu angetuchungulia angesema kuna wendawazimu wawili hawajui mchezo.

Halafu pale chini ya meza, mahali ambapo hakuwahi kuandika, nikaona herufi zinaanza kutoka. Zilichukua muda. Nilijua kila moja anaitafuta, kidole kinakwenda pembeni, anakirudisha. Akaandika:

"umkula"

Nilitaka kuandika mengi. Baba, nisamehe. Baba, sikujua. Nikaandika, "Bado."

Ikapita zamu nzima. Akaandika: "kale nangoja"

Nikaenda jikoni nikakaanga mayai. Sikuyaangalia, nilikuwa natazama mezani kupitia mlangoni. Zamu zangu zilipita bure, zake akazitumia zote hadi nyekundu, na niliporudi na sahani alikuwa bado ameketi. Nikala mbele yake. Najua hanioni, lakini nilikaa vizuri, sikula kwa kujipinda kama ninavyofanya siku zote. Nilipomaliza nikaandika, "Nimekula, Baba." Ni neno ambalo sikuwa nimeliandika mezani pale kabla, hilo la mwisho. Alikaa mpaka mfumo ukatuambia hatuchezi, ukatutoa wote wawili kwa pamoja.

Kwa hiyo mwambie tu kwamba uliniambia. Atakukasirikia, kisha atanyamaza, unamjua.

Nimeomba likizo yote niliyoilimbikiza na msimamizi amekubali, nadhani kwa mshangao wa kusikia kwamba nina kwetu. Nakuja mwishoni mwa Julai. Siji kwa kuogopa, ingawa naogopa. Mashine ya pili ya kushonea kama bado inafanya kazi niwekee mafuta, nitashika mikanda na wewe ushike vitambaa.

Mwanzo nilitaka nikuombe usimwambie Baba ninakuja, nije nimshtue mlangoni. Nimeghairi. Mwambie leo, ukimaliza tu kusoma. Anajua kungoja kuliko sisi wote, lakini safari hii angoje akijua kuna mtu njiani.

Mdogo wako